Usimtumie Rafiki Linki Tupu

Wakubwa zangu, shikamooni. Vijana, hamjambo? Walimu wenzangu, asanteni kwa kuniita. Niliombwa nije kuzungumzia tovuti ninazozipenda, za manufaa na za kuburudisha, na nikaambiwa nije na orodha. Orodha sikuja nayo. Tovuti nitazitaja humo humo njiani, anayetaka kuandika aandike, lakini kuna jambo linalotangulia tovuti zenyewe na ndilo lililonitoa nyumbani leo.

Jana usiku kabla ya kulala nilikaa na simu yangu nikahesabu. Nimo katika makundi 4 ya WhatsApp: la familia, la mtaa, la walimu na la msikiti. Kwa siku moja zilikuwa zimeingia linki 31. Nilizofungua ni 2. Moja ilitoka kwa shemeji yangu, naye aliandika hivi: "Mwalimu, hii nimeiona nikakukumbuka wewe na ramani zako. Kuna za zamani sana za pwani yetu. Fungua ukiwa na wifi maana ni nzito." Ilikuwa ni mkusanyiko wa ramani wa David Rumsey, ambao uko Stanford kule Marekani, na mtandaoni una ramani zaidi ya 100,000 ambazo mtu anaweza kuzivuta karibu mpaka akasoma herufi ndogo kabisa aliyoiandika mchoraji. Nililala saa nane. Ya pili ilitoka kwa mwanafunzi wangu wa zamani, nitaifikia.

Zile 29 zilikuja kimya. Hazina salamu, hazina neno, hazisemi ni kitu gani wala ni cha nani. Na waliozituma wote ni watu ninaowapenda, wengine nimekula nao mwezi mzima wa Ramadhani. Mtu huyo huyo angenikuta barabarani asingenipita bila kunijulia hali. Kwa nini mtandaoni anirushie kitu kama anayetupa ganda la muwa?

Vijana wengi hapa mnalijua jina la Yahoo kama barua pepe ya wazazi wenu. Ilianza kwa marafiki kuonyeshana. Mwaka 1994 vijana wawili, Jerry Yang na David Filo, walikuwa wanasomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Stanford. Muda waliopaswa kuandika tasnifu waliutumia kuzunguka kwenye tovuti, ambazo wakati ule zilikuwa chache, na kila waliyoipenda waliandika anwani yake, wakaipanga kwa mada, wakawaonyesha wenzao. Orodha hiyo wakaiita Mwongozo wa Jerry na David; jina la Yahoo lilikuja baadaye. Watu waliupenda kwa sababu nyuma ya kila anwani palikuwa na mtu aliyekwisha kwenda, akaona, akarudi kusema. Kampuni ilikuja baadaye, na fedha zikaja baadaye. Ile orodha iliyopangwa kwa mikono ya binadamu ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2014.

Hata wavuti wenyewe ulizaliwa kwa nia hiyo. Tim Berners-Lee alipoandika pendekezo lake mwaka 1989, akiwa katika kituo cha utafiti cha CERN karibu na Geneva, alitaka wanasayansi waweze kuonyeshana kazi zao bila kuhangaika na kompyuta zisizoelewana. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN ikautoa bure kwa kila mtu duniani. Huenda leo tungekuwa tunaulipia hatua kwa hatua, kama wangeamua vingine.

Mimi niliingia mtandaoni mara ya kwanza hapa hapa Tanga, katika kafe ya intaneti iliyokuwa na kompyuta sita na feni moja. Ilikuwa kabla ya mwaka 2009, mwaka ambao mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika pwani yetu kupitia chini ya bahari. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, na picha ilifunguka kutoka juu kushuka chini taratibu, kama mtu anayeteremsha pazia. Tulilipa kwa nusu saa. Huwezi kutangatanga kwa muda wa kulipia, kwa hiyo mimi na walimu wenzangu wawili tulikuwa na daftari moja la pamoja. Aliyepata tovuti nzuri aliandika anwani herufi kwa herufi, na pembeni akaweka maelezo: "Bonyeza picha ya kushoto. Ya juu usiisubiri, haifunguki." Au: "Hii ya mwezi na nyota, waonyeshe Kidato cha Pili." Daftari hilo ninalo mpaka leo. Mmoja wa wale wawili ametangulia mbele ya haki, na ninapolifungua nasikia sauti yake kwenye maelezo yale ya pembeni. Kwenye anwani siisikii. Anwani nyingi hata zimekufa.

Naomba nisimame kidogo hapo kwenye anwani kufa, maana pana dawa. Mwaka 1996 Brewster Kahle alianzisha hifadhi ya intaneti huko San Francisco, Internet Archive, inayonakili kurasa za tovuti na kuzitunza. Nenda archive.org, weka anwani iliyokufa kwenye kisanduku cha Wayback Machine, na mara nyingi utaletewa ukurasa kama ulivyokuwa siku ile. Nimefufua anwani kadhaa za daftari letu kwa njia hiyo.

Sasa tovuti ninayoipenda kuliko zote. Anwani yake ni earth.nullschool.net. Aliitengeneza Cameron Beccario, na ilianza kuonekana mwaka 2013. Unafungua unakuta dunia kama tufe, na juu yake upepo unatiririka kwa mistari myembamba, kama nywele zinazochanwa. Ni upepo kama unavyokadiriwa na kompyuta kubwa za utabiri wa hali ya hewa, na hubadilishwa kila baada ya saa 3. Haikuombi namba ya simu wala haikuuzii kitu.

Pangani kuna mzee mmoja, nahodha mstaafu, aliyeendesha majahazi ya mizigo tangu ujana wake. Mwaka mmoja, mwezi wa Julai, nilikwenda kumwamkia. Nikampa simu, nikamwambia: "Mzee, hii nimekuletea wewe. Huu ni upepo wa saa hizi. Sisi tupo hapa, kwenye kidole changu." Alitazama kwa muda mrefu bila kusema kitu. Kisha akakipeleka kidole chake kusini kabisa, upande wa Madagaska, akaanza kuufuata upepo kupanda juu. "Hili kusi," akasema. Akapita Mafia, akapita Unguja na Pemba, akapita Lamu. Ulipovuka ikweta mistari ikapinda, ikaambaa na pwani ya Somalia kuelekea Uarabuni na Bara Hindi, na rangi ikabadilika, maana tovuti ile inaonyesha kasi kwa rangi. Kidole kikasimama hapo. "Hapa mwezi huu hakupitiki. Nahodha mwenye akili amekwisha kufika kwao, amekokota chombo pwani."

Ndugu zangu, nimefundisha jiografia miaka 27. Mishale ya pepo za msimu nimeichora ubaoni mpaka chaki zikaisha. Naweza kueleza kwamba bara la Asia likipata joto katikati ya mwaka hewa yake hupanda, ikavuta hewa nyingine kutoka Bahari ya Hindi upande wa kusini, na kwamba nyanda za juu za Afrika Mashariki huukinga upepo ule kama ukuta na kuusukuma uambae na pwani, ndiyo maana unakuwa mkali kule Somalia. Lakini sikuwahi kuona mtu akiusoma upepo kwenye kioo cha simu kama anayesoma barua kutoka kwa ndugu yake. Alinishikilia mpaka adhuhuri. Akanifundisha na mimi: niangalie tena kaskazi ikishika, Desemba, nitaona mistari imegeuka yote, na niangalie hasa wakati wa maleleji, kati ya msimu na msimu, wakati upepo haujui unakotaka kwenda. Niliangalia. Ni kweli, mistari inazunguka, inalegea, inakatika.

Tangu siku hiyo nimejiuliza: ni mtambo gani ungempelekea yule mzee tovuti ile? Simu zetu hutuletea vitu kwa kuangalia tulivyokwisha kutazama. Ukitazama mpira, unaletewa mpira. Mzee hakuwahi kutafuta upepo mtandaoni hata siku moja, na asingejua kwamba upo. Ili imfikie ilihitaji mtu anayejua kwamba aliwahi kuwa nahodha. Na ningeirusha kwenye kundi la familia yake na maneno "angalieni hii", ingepita baina ya video ya harusi na tangazo la viwanja.

Nina rafiki yangu mwingine, kazaliwa Mombasa, anaishi Toronto. Huyo nilimpelekea radio.garden. Ilitoka mwaka 2016 huko Uholanzi, nayo ni tufe la dunia lililojaa nukta za kijani. Kila nukta ni mahali penye kituo cha redio, ukiigusa unasikia kinachorushwa muda huo huo. Niliandika: "Isogeze mpaka Mombasa, gusa nukta, fanya hivyo saa nne na nusu asubuhi ya kwako." Sikumweleza zaidi. Kwetu hiyo ni saa kumi na mbili na nusu jioni wakati wa baridi kwao. Alinipigia simu siku ya pili. Alikuwa jikoni, theluji imeziba dirisha, ikaingia adhana ya magharibi kutoka nyumbani. Alisema aliacha chai ikamwagika. Kwa wenye bando dogo: redio ya mtandaoni hula bando muda wote inapoimba, kwa hiyo usilale ukaiacha.

Za masomo nitazipitia haraka, maana walimu mlioko hapa nyingi mnazijua. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada, na bado nakutana na wazazi wanaozunguka mjini kutafuta kitabu ambacho wangekisoma bure kwenye simu. PhET, tovuti ya majaribio ya sayansi, ni ya Chuo Kikuu cha Colorado. Aliianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Tuzo ya Nobel ya fizikia. Humo mwanafunzi anaunganisha betri na balbu, anakata waya, anaona balbu inazimika, hata kama shule yake haina maabara. Baadhi ya majaribio yametafsiriwa kwa Kiswahili, na unaweza kuyapakua ukayatumia bila intaneti. African Storybook ina hadithi za watoto kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo. Wapenda ndege, fungueni xeno-canto.org, sauti za ndege zilizorekodiwa na watu wa kila pembe ya dunia. Nilimwonyesha kijana mmoja wa Amani, kule Usambara, akawa anataja ndege kwa majina ya Kisambaa kabla sijaona picha.

Hii nyingine ndiyo ya yule mwanafunzi wangu wa zamani, linki ya pili niliyoifungua jana. Anafundisha shule iliyo mbali na barabara, ambako mtandao unapatikana ukipanda kilimani. Aliandika: "Mwalimu, unakumbuka ulinipa Kiwix? Nimeiweka kwenye kompyuta tatu. Leo wamesoma habari za volkano bila mimi kusema kitu. Nakutumia orodha ya vifurushi vipya, kuna cha Kiswahili." Kiwix ni programu ya bure iliyoanza mwaka 2007. Unaipakua mara moja mahali penye mtandao mzuri, pamoja na Wikipedia nzima ya lugha unayoitaka, unaibeba kwenye flashi, na huko unakokwenda watu wanasoma bila bando hata kidogo. Wikipedia ya Kiswahili ilianzishwa mwaka 2003, ina makala maelfu kwa maelfu, na zimeandikwa na watu wa kujitolea. Nilimpa kijana yule Kiwix kwa sababu alikuwa amepangiwa shule ile na alikuja kwangu ana huzuni. Leo yeye ndiye anayenitumia mimi. Mnaona inavyorudi?

Sasa niseme jambo linaloniuma. Linki tupu inawazoesha watu kubonyeza bila kuuliza, na matapeli wanaishi kwa mazoea hayo. Jirani yangu, mama mtu mzima, alipata linki kutoka kwa mpwa wake: bando la bure, jaza namba yako, tuma kwa watu 20. Alijaza. Baadaye akapigiwa simu aseme namba za siri zilizoingia kwenye ujumbe. Akasema. Kesho yake watu wa kundi la vikoba wanaombwa fedha kwa jina lake, na wawili walituma. Mpwa wake hakuwa mwizi. Alitumiwa na rafiki, naye akatuma. Tapeli hakuhitaji kuaminika. Alipanda juu ya uaminifu wa shangazi na mpwa.

Kwa hiyo jifunzeni kusoma anwani, haichukui dakika. Ruka zile herufi za mwanzo, https, na mikwaju yake miwili, ile mistari ya mshazari, soma mpaka ufike kwenye mkwaju unaofuata, kisha simama hapo urudi nyuma. Kinachokuja mwisho kabla ya mkwaju huo ndicho chenye nyumba. Tovuti za serikali yetu huishia na go.tz, vyuo huishia na ac.tz, Kenya serikali ni go.ke. Ukiona jina la taasisi unayoijua limewekwa mbele, lakini mkiani kabla ya mkwaju kuna kitu kingine kabisa, hiyo nyumba si yao. Wamebandika kibao tu mlangoni. Na namba za siri zinazokuja kwa ujumbe ni zako peke yako, hata anayeomba akiwa na sauti ya mwanao.

Ndiyo maana neno lako lina thamani. Ninapopokea linki yenye sentensi inayonitaja, inayosema "nilipofika nikaona hiki, nikakukumbuka kwa sababu hii", najua kuna mtu aliyekwenda kabla yangu. Ujumbe wa tapeli haujui kwamba napenda ramani. Andika basi kilichomo. Andika mtu akifika abonyeze wapi, maana tovuti nyingi nzuri zina mlango mbaya. Sema kama ni nzito. Sema ni ya lugha gani, usimtumie bibi yako ukurasa wa Kiingereza ukamwacha na aibu ya kuuliza. Na kama hujaifungua wewe mwenyewe, usiitume.

Na wewe unayetumiwa, rudisha neno. Shemeji yangu nilimwandikia usiku ule ule kwamba nimeona ramani ya zamani yenye Tanga na Mombasa, na majina ya visiwa yameandikwa kwa namna ya ajabu. Akaniomba nimwonyeshe Pangani ipo wapi. Tukawa watu wawili wazima, saa sita za usiku, tunatafuta mto kwenye karatasi ya zamani.

Kwenye meza hii kuna karatasi nilizozikata nyumbani, zinatosha kila mtu. Siwaombi orodha. Chukua moja, na kabla hujaandika anwani yoyote, andika kwanza jina la mtu mmoja. Mtu wako, unayemjua anapenda nini. Halafu ndiyo uandike tovuti, na sentensi moja ya kumwambia kwa nini. Tutasoma kwa sauti watakaopenda, kisha kila mmoja ataituma kwa mwenyewe akiwa hapa hapa, wifi ya ukumbi tumefunguliwa mpaka saa saba mchana.

Mama uliyeketi karibu na dirisha, nakuona umeshajaza mpaka pembeni. Tusomee basi. Ni ya nani?